Udhaifu Unaokuja Jioni

Mama yangu mdogo alikuwa akishika taya kwa mkono wa kushoto anapokula chakula cha usiku. Asubuhi hakuhitaji kufanya hivyo. Asubuhi alikuwa mzima kabisa: anachota maji, anafagia uwanja, anakwenda shambani kuchuma tumbaku na wenzake, na sauti yake inasikika mpaka nyumba ya tatu. Jua likianza kuinama ndipo kope ya jicho la kulia iliposhuka, sauti ikawa ya puani, na tonge la ugali likageuka kazi. Alitafuna mara tano, mara sita, taya likalegea, naye akaliinua kwa kiganja ili amalizie. Sisi watoto tulidhani ndivyo anavyokaa akiwa na mawazo.

Hiyo ilikuwa Urambo, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Majirani walikuwa na maelezo matatu, na yote matatu bado nayasikia hapa Tabora mtu akilegea bila homa: mvivu, amerogwa, amezeeka. Ninaandika kuyapinga yote matatu. Udhaifu wenye saa zake, unaozidi jioni na kupungua baada ya usingizi, una mahali pake mwilini, na mahali hapo panajulikana. Ni pale neva, mshipa unaopeleka amri ya ubongo, inapokutana na msuli. Naamini tabibu wa zahanati yoyote ya mkoa huu angeweza kupashuku kwa swali moja na kipande cha barafu, kama angefundishwa.

Nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi, na mchoro unaonisumbua ni ule unaoonyesha neva kama waya uliochomekwa kwenye msuli. Hazigusani. Kati ya ncha ya neva na utando wa msuli kuna pengo la nanomita 50 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Aliyewahi kusafiri hadi Kigoma mwisho wa reli ataelewa: treni inaishia bandarini, meli iko majini, na mzigo hauvuki mpaka mtu aubebe. Mwilini mpagazi huyo ni kemikali iitwayo asetilikolini. Neva huitunza ndani ya vifuko vidogo sana, kila kimoja kikiwa na maelfu ya molekuli. Umeme wa neva ukifika nchani, kalsiamu inaingia, vifuko vinafunguka, asetilikolini inavuka pengo na kunasa kwenye vipokezi vya upande wa pili, na msuli unajikunja. Humo humo pengoni kuna kimeng'enya, asetilikolinestereizi, kinachoivunja kemikali hiyo katika muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde hivi, ili njia iwe wazi kwa ujumbe unaofuata. Bernard Katz, aliyefanya kazi London, ndiye aliyeonyesha na wenzake katika miaka ya 1950 kwamba kemikali hii hutoka kwa vifurushi vya kipimo kimoja, wala haimiminiki ovyo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Makutano haya hayazaliwi yakiwa tayari. Mtoto akiwa bado tumboni, msuli huanza kukusanya vipokezi katikati yake hata kabla neva haijafika, kama mwenyeji anayefagia baraza kabla mgeni hajabisha hodi. Neva ikifika inatoa protini iitwayo agrini. Agrini inashika protini nyingine kwenye msuli, LRP4, nayo inaiamsha ya tatu, MuSK, na kutoka hapo vipokezi vinavutwa na kufungwa pamoja mpaka vinafikia karibu 10,000 katika kila mikromita moja ya mraba chini ya ncha ya neva. Nje ya kiraka hicho vipo vichache mno. Mwanzoni kila uzi wa msuli hutembelewa na neva kadhaa. Kwa watoto wa panya ushindani huo humalizika ndani ya wiki mbili hivi baada ya kuzaliwa: neva moja inabaki, nyingine zinarudi nyuma.

Lakini kinachonigusa zaidi ni namna makutano haya yanavyodumu. Kila kipokezi kina umri, na kwenye msuli wenye neva hai umri huo ni kama siku kumi hivi, kisha kinaondolewa na kingine kinawekwa. Nikiwapeleka wanafunzi Kwihara kuangalia tembe aliloishi Livingstone mwaka 1872, huwa nawaambia waguse ukuta. Nyumba ya udongo haisimami kwa sababu ilijengwa vizuri siku moja. Inasimama kwa sababu kuna mtu anayeisiriba kila masika yakipita. Mkono wa kuinua ndoo leo unafanya kazi kwa vipokezi ambavyo vingi havikuwapo mwezi uliopita. Neva ikikatwa, umri wa kipokezi hushuka hadi siku moja hivi, na kiraka kinaanza kusambaratika. Neva yenyewe inaweza kuota tena, kama milimita moja kwa siku, na hurudi palepale ilipokuwa. Mwaka 1978 watafiti Joshua Sanes, Lawrence Marshall na Jack McMahan walionyesha kwa vyura kwamba hata msuli wenyewe ukifa na kubaki ganda lake la nje tu, neva inarudi kwenye alama zile zile za zamani juu ya ganda hilo.

Kwa hiyo tunapomwambia mtu "huna nguvu", kuna mambo mawili tofauti tunayachanganya. Misuli ya mama mdogo haikuwa imekonda. Neva zake zilikuwa nzima. Palipoharibika ni kwenye kivuko.

Ugonjwa wake unaitwa mayasthenia gravisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inatengeneza kingamwili, yaani protini za kushambulia wavamizi, dhidi ya vipokezi vya asetilikolini. Kingamwili hizo huvizuia, huvifanya vivutwe ndani na kuvunjwa haraka kuliko vinavyotengenezwa, na huubomoa utando wenyewe. Kwa wagonjwa wachache shabaha ni ile MuSK, jambo lililogunduliwa mwaka 2001. Na hapa ndipo panapoeleweka kwa nini jioni. Neva yenye afya hutoa asetilikolini kupita kiasi kinachohitajika. Ni akiba. Ukitumia msuli mfululizo, kiasi kinachotoka kwa kila ujumbe hupungua kidogo kidogo, lakini hujui, kwa sababu akiba inafidia. Aliyepoteza vipokezi hana akiba. Ujumbe wa kwanza unavuka, wa kumi unavuka kwa shida, wa thelathini unaishia njiani. Akipumzika, vifuko vinajazwa, na asubuhi anaamka mtu mwingine. Misuli ya kope na macho, isiyopumzika mchana kutwa, ndiyo hulalamika kwanza kwa wagonjwa wengi. Kisha kutafuna, kumeza, kuongea. Kubaya zaidi ni ikifika kwenye kupumua.

Sasa fikiria jinsi picha hiyo inavyoonekana kijijini. Mwanamke anapika vizuri asubuhi na jioni hawezi kuchana nywele. Anacheka na wageni mchana, usiku anakataa kuongea. Mkwe anasema anajifanya. Na akiwa mtu mzima mwenye jicho moja lililoanguka, katika kanda hii ya Unyamwezi na Usukuma ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni, jicho si jambo dogo. Jicho linasomwa. Mama mdogo alinusurika kwa sababu alikuwa na kaka wengi na maneno makali asubuhi. Sijawahi kuacha kufikiria wale ambao hawakuwa na kaka.

Hapa naomba nieleze kisa cha dawa, maana kinapita mahali ambapo Mwafrika hatakiwi kupasahau. Thomas Willis, tabibu wa Uingereza, aliandika mwaka 1672 habari za mwanamke aliyeongea vizuri asubuhi na kisha, baada ya kuongea sana, akawa bubu kwa saa moja au mbili. Kwa zaidi ya miaka 250 baada ya hapo hapakuwa na dawa yenye maana. Mwaka 1934 daktari Mary Walker, katika hospitali ya Greenwich huko London, aliona kwamba wagonjwa hawa wanafanana na mtu aliyepewa kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini inayoziba vipokezi vya msuli. Akawaza: kama dalili zinafanana, dawa ya kuondoa sumu ile inaweza kusaidia. Akampa mgonjwa fizostigimini, na kope ikapanda.

Fizostigimini inatoka kwenye haragwe la Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria. Huko haragwe hilo lilikuwa mwavi. Mtu aliyeshukiwa uchawi alinyweshwa: akitapika hana hatia, akifa alikuwa mchawi. Kitu kile kile kilichoua washukiwa wa uchawi kikawa dawa ya kwanza ya ugonjwa ambao mpaka leo tunauita uchawi. Na namna kinavyofanya kazi ni moja tu kwa pande zote mbili: kinakizuia kile kimeng'enya cha pengoni. Kwa kipimo kidogo asetilikolini inakaa muda mrefu kidogo zaidi na kupata nafasi ya kuvigusa vipokezi vichache vilivyobaki. Kwa kipimo kikubwa inajaa pengoni, msuli unatetemeka, kisha unanyamaza kabisa. Vidonge vya leo, piridostigimini, ni ndugu wa haragwe hilo, wapole zaidi.

Hili la kipimo linatuhusu sana sisi wa Urambo, Kaliua na Sikonge, kwa sababu kimeng'enya hicho ndicho kinacholengwa na dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti. Zinakinasa kwa namna ambayo karibu haiachii. Mkulima anayechanganya dawa kwa mkono mtupu na kupulizia dhidi ya upepo analeta pengoni mwake kile kile haragwe la Calabar lilichomletea mshukiwa. Mate, machozi, jasho, kuharisha, kifua kujaa makohozi: hizo wahudumu wetu wanazijua, na sindano ya atropini wanaijua. Lakini atropini haifanyi kazi kwenye makutano ya neva na msuli. Inakausha kifua na kuuokoa moyo, msuli inauacha ulivyo. Mwaka 1987 madaktari wa Sri Lanka walieleza hali ambayo kila wodi ya mkoa wetu ingepaswa kuifahamu: mgonjwa anapata nafuu, anakaa kitandani, anaongea, kisha kati ya siku ya kwanza na ya nne shingo inashindwa kuinua kichwa, na pumzi inakatika. Kumruhusu mtu wa namna hiyo kwenda nyumbani kesho yake kwa sababu "ameshaamka" ni hatari. Mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto. Asipoweza, asiondoke.

Tumbaku nayo ina historia yake hapa, na nasikitika kwamba hatuifundishi kwenye mkoa unaoishi kwa tumbaku. Mwaka 1905 John Newport Langley wa Cambridge alipaka nikotini kwenye misuli ya kuku. Misuli ilikaza, hata pale neva yake ilipokuwa imekatwa na kufa. Kurare ilizuia mkazo huo. Langley akahitimisha kwamba lazima msuli wenyewe una kitu maalumu cha kupokea. Wazo la kipokezi, ambalo nusu ya famasia ya leo imesimama juu yake, limepata msingi kutoka kwenye jani lile lile tunalolitundika kwenye mabani yetu ya kukaushia. Vipokezi vya msuli mpaka leo vinaitwa vya nikotini.

Na jani likiwa bichi na lenye umande, nikotini yake inapita kwenye ngozi. Nakumbuka asubuhi za Februari, majani yakiwa yamelowa, shati limeshikamana na mbavu, tumekumbatia mafungu kwapani kuyapeleka banini. Ilipofika saa nne mdogo wangu alikuwa amekaa chini ya mwembe anatapika, uso umekuwa wa majivu, miguu haimtii. Tulisema tumbaku imemlevya, akapewa maji, kesho yake akarudi shambani. Nikotini ile huvigusa zaidi vipokezi vya ukoo huo huo vilivyoko kwenye ubongo na neva za tumbo na moyo kuliko vya msuli, lakini ni sumu halisi, na mwili wa mtoto ni mdogo kwa dozi ile ile. Ninaipinga waziwazi desturi ya kumpa mtoto kazi ya majani mabichi. Anayesema "sisi tulikua hivyo hivyo" hakumbuki vizuri tulivyokuwa.

Nirudi kwenye yale maelezo ya tatu, "amezeeka", maana ndiyo yanayokubalika hata na wasomi. Watu wengi hudhani makutano ya neva na msuli huchakaa kwa umri kama kamba ya kisima. Kwa panya ndivyo inavyoonekana. Lakini mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh walichapisha kazi yao juu ya makutano ya binadamu wenyewe, na yalikuwa madogo kuliko ya panya, yenye vipande vipande tangu ujana, na yaliyobadilika kidogo sana katika maisha yote ya utu uzima. Uzee hupunguza misuli, ndiyo. Haushushi kope moja jioni na kuipandisha asubuhi. Babu anayeanza kupaliwa na chai kila usiku hajazeeka ghafla mwezi huu. Mayasthenia huwapata sana wazee pia, wanaume zaidi, na ndio ambao ugonjwa wao hutupita kwa urahisi bila kuutambua.

Ugonjwa wa mama mdogo hatukuutambua kwa miaka minne. Kilichotufungua macho ni ajali. Alipata homa, akalazwa kwenye kituo kimoja cha afya, akatundikiwa kwinini. Miaka ile kwinini ndiyo ilikuwa dawa ya kawaida ya malaria kali, na hakuna aliyekosea kwa makusudi. Lakini kwinini hudhoofisha kivuko hiki hiki, kama ifanyavyo gentamaisini, sindano inayochomwa kila siku katika vituo vyetu. Kufikia usiku hakuweza kumeza mate. Tulimsafirisha hadi hospitali ya rufaa nikiwa nimemwegemeza begani, nikihesabu pumzi zake.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana. Alimwamkia, akavuta kiti.

"Mama, tazama juu pale kwenye dari. Usishushe macho mpaka nikuambie."

Mama mdogo akatazama. Kope zote mbili zilikuwa juu. Baada ya kama nusu dakika ile ya kulia ikaanza kuteremka, polepole, kama mtu anayesinzia upande mmoja tu wa uso. Ya kushoto ikafuata. Daktari hakusema kitu. Alimchoma neostigimini, dawa ya jamii ile ile ya fizostigimini, pamoja na atropini, akakaa. Nilitazama saa ya ukutani. Ilipopita kama robo saa, jicho la kulia lilikuwa wazi, na mama mdogo akasema kwa sauti yake ya asubuhi, ingawa ilikuwa usiku wa manane: "Mwanangu, nina njaa."

Sijasahau sauti ile, na ndiyo sababu sina subira na hoja kwamba magonjwa haya ni adimu mno kutushughulisha. Makadirio yanayotumika katika nchi nyingi ni wagonjwa 150 hadi 200 kwa kila watu milioni moja. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3.3 mkoani Tabora. Hata ukikata hesabu hiyo kwa nusu, kwa kuwa sisi ni watu wa umri mdogo, bado ni mamia. Wako wapi? Sidhani kama wako kliniki. Nadhani wako barazani, wamekaa, wanaitwa wavivu.

Piridostigimini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Prednisoloni, inayotuliza kinga, ipo karibu kila duka la dawa, ingawa haipaswi kuanzishwa bila daktari, kwa sababu dozi kubwa ya mwanzo inaweza kumwangusha mgonjwa kabla ya kumwinua. Tatizo la Tabora ni kwamba hakuna anayeagiza kidonge ambacho hakuna anayemwandikia mtu. Ninachotaka ni kianze kuonekana kwenye hospitali za wilaya, na wakati huo huo wahudumu wafundishwe kuuliza: "Unaamkaje, na jioni unakuwaje?" Kisha wamwambie mgonjwa atazame juu dakika moja. Kope ikishuka, waweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika mbili. Baridi hupunguza kasi ya kile kimeng'enya, na kope ya mwenye mayasthenia mara nyingi hupanda milimita mbili au zaidi. Wamwambie ahesabu kwa sauti mpaka hamsini wasikie kama sauti inakimbilia puani. Haya hayahitaji umeme. Kwa anayeshindwa kumeza au anayehema juu juu, wasipime chochote, wamsafirishe.

Siku hizi mama mdogo anaishi hapa mjini, karibu nami. Anameza kidonge nusu saa kabla ya chakula na halishiki tena taya. Mwezi uliopita alinipigia simu. Jirani yake ana binti wa darasa la sita ambaye mwalimu alikuwa amemrudisha nyumbani kwa kulala darasani vipindi vya mwisho.

"Halali," mama mdogo aliniambia. "Nimemwangalia. Macho ndiyo yanajifunga, yeye yuko macho."

Nilikwenda saa kumi na mbili na barafu niliyonunua kwa muuza samaki. Kope ya kushoto ya mtoto ilikuwa imeshuka nusu. Nilimwekea dakika mbili kwa saa ya simu. Ilipanda kidogo, kidogo mno kwa mimi kuweza kusema ndiyo au hapana, na kwa barafu peke yake jambo haliishi. Mama yake alimpeleka hospitali kesho yake. Mkononi alikuwa na karatasi ya daftari ambayo mama mdogo alikuwa ameijaza kwa wiki nzima bila kutuambia, kwa mwandiko wake mkubwa: saa moja asubuhi, mzima. Saa sita, mzima. Saa tisa, sauti. Saa kumi na moja, jicho la kushoto.